SOMO: Kubadilisha katiba ya klabu ndogo ya michezo bila mkutano kuvunjika

Wakuu, swali la "katiba ya klabu tunaibadilishaje?" nimelijibu hadi vidole vinauma. Naliweka hapa lote, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia somo hili. Nazungumzia klabu ndogo, ya wanachama wachache wanaojuana, isiyo na ofisi wala mwanasheria.

1. Tafuta katiba inayotumika sasa. Ile iliyopitishwa na kusainiwa, si nakala ya kwenye simu ya mtu.

2. Soma kifungu cha marekebisho kabla hujaandika neno lolote.
Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu. Katiba mpya haina mamlaka mpaka ipitishwe. Inayoipitisha ni ile ya zamani, kwa utaratibu wake, hata kama utaratibu huo ni mbovu na ndio uliowafanya mtake kubadilisha. Kama ya zamani inataka taarifa ya siku 21 na rasimu yenu inasema 7, mtatoa siku 21.

Tafuta mambo manne: nani anaruhusiwa kupendekeza mabadiliko, taarifa itolewe siku ngapi kabla, akidi (idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali) ni watu wangapi, na kura ngapi zinapitisha. Hilo la nne lisome neno kwa neno. "Theluthi mbili ya wanachama", "theluthi mbili ya waliohudhuria" na "theluthi mbili ya kura zilizopigwa" ni vitu vitatu tofauti.

Chukua klabu ya wanachama 60. Mkutanoni wamekuja 24. Kura za ndiyo 15, za hapana 5, na wanne wamekaa kimya. Mkihesabu kura zilizopigwa, ni 15 kati ya 20: imepita. Mkihesabu waliohudhuria, zinatakiwa 16: imeanguka kwa kura moja. Mkihesabu wanachama wote, zinatakiwa 40, na hapo hata ukumbi mzima ungesema ndiyo ingekuwa kazi bure.

Tahadhari:
- Akidi ni ya kuruhusu mkutano ufanyike. Haipitishi kitu.
- Kura ya uamuzi ya mwenyekiti huvunja sare tu. Haiwezi kuziba pengo la theluthi mbili.
- Katiba ya zamani ikiwa kimya, angalia sheria mliyosajiliwa chini yake na kanuni za chama cha mchezo wenu. Msijitungie kiwango ukumbini watu wakiwa wameshakaa.

3. Safisha orodha ya wanachama hai. Fanya hivyo kabla ya kutoa taarifa. Ugomvi wa nani kalipa ada usifanyikie mlangoni siku ya kura.

4. Unda kamati ya watu watatu hadi watano. Wasiwe viongozi watupu. Wekeni na mchezaji.

5. Andikeni rasimu. Jina na malengo, uanachama, uongozi na muda wake, mikutano, fedha, nidhamu na rufaa, marekebisho, na mali itakwenda wapi klabu ikivunjwa. Kiasi cha ada kisiingie humo. Andikeni "ada itapangwa na mkutano mkuu", la sivyo kila mkitaka kuipandisha mtatafuta theluthi mbili.

6. Msisahau vifungu vya mpito. Vinawekwa mwishoni na vinasahauliwa kwa sababu hiyohiyo. Katiba inaanza kutumika lini? Viongozi waliopo wanamaliza muda wao au uchaguzi unaitishwa? Madeni, mikataba na adhabu zilizotolewa chini ya katiba ya zamani zinaendelea? Na hili muhimu: mkiweka ukomo wa vipindi viwili, vile ambavyo mwenyekiti ameshakaa vinahesabiwa? Msipoandika, yeye atasema kipindi cha kwanza kinaanza leo, na hamtakuwa na mstari wa kumwonyesha.

7. Sambazeni rasimu, pokeeni maoni, rekebisheni.

8. Toeni taarifa ya mkutano. Ambatisheni rasimu kamili pamoja na jedwali linaloonyesha kifungu cha zamani, kipya, na sababu. Katika kuhesabu siku, ondoeni siku ya kutuma na siku ya mkutano. Mkifanya hivyo hakuna wa kuwabishia.

9. Mkutano. Hesabuni watu mwanzoni na tena kabla ya kura, namba ziandikwe. Jadilini kifungu kwa kifungu, kisha pigeni kura moja kwa katiba nzima. Hoja isomwe hivi: "Mkutano huu unafuta katiba iliyopo na kupitisha katiba iliyoambatishwa, itakayoanza kutumika tarehe fulani." Bila neno "unafuta" mtajikuta na katiba mbili.

10. Wekeni saini, andikeni muhtasari wa mkutano, pelekeni nakala kwa msajili na benki. Kama sheria yenu inataka msajili aidhinishe, ya zamani inaendelea kutumika hadi aidhinishe.

---

MASWALI

Beki Tatu: Mkuu, kura zinatakiwa ngapi?
Jibu: Hatua ya 2.

Beki Tatu: Nimesoma, ila kwa klabu yetu sisi?
Jibu: Katiba yenu ipo kwako au kwangu?

Kapteni: Sisi tuliweka rasimu kwenye grupu la WhatsApp, karibu wote wakaweka dole gumba. Si imeshapita?
Jibu: Katiba yenu inaruhusu kura ya namna hiyo?

Kapteni: Haisemi chochote. Lakini hakuna aliyepinga!
Jibu: Hayo ni maoni, yaani hatua ya 7. Itisheni mkutano. Siku mtu atakayefukuzwa uanachama kwa kifungu kipya atakapokata rufaa, kitu cha kwanza atakachoomba ni muhtasari wa mkutano ulioipitisha.

Katibu Mpya: Shikamoo mwalimu. Mwanachama akisimama ukumbini na kupendekeza kubadilisha kifungu cha rasimu, tunaruhusiwa au tumeshafungwa na taarifa tuliyotuma?
Jibu: Marahaba. Swali zuri, na nilipaswa kuligusa kwenye hatua ya 9. Kipimo changu ni hiki: aliyesoma taarifa akaamua kubaki nyumbani, angeshangaa akisikia mlichopitisha? Kusahihisha lugha, au kupunguza muda wa uongozi kutoka miaka minne hadi mitatu wakati taarifa ilitaja minne na katiba ya zamani ina miwili, ni sawa, maana mmebaki ndani ya mipaka ya kilichotangazwa. Kuingiza kifungu kipya cha kuuza mali, hapana. Hicho kinahitaji taarifa yake. Na mabadiliko yoyote ya ukumbini yaandikwe na kusomwa kwa sauti kabla ya kura.

Katibu Mpya: Ahsante sana. Na klabu yenye watoto, wanapiga kura?
Jibu: Amueni kwenye kifungu cha uanachama. Vilabu vingi huwaweka watoto kama wanachama wachezaji wasio na kura, na mzazi au mlezi mmoja anapiga kwa niaba. Andikeni kura moja kwa kila mtoto au kwa kila familia. Mwenye watoto watatu atauliza.

Winga wa Zamani: Haya yote kwa klabu ya kupiga mpira jioni? Mnajikuza tu.
Jibu: Kama hamna fedha, uwanja wala jina la kugombania, pigeni mpira. Somo halikuwahusu. Wanaonifuata ni wale ambao mweka hazina ameondoka na kitabu cha benki.

Mweka Hazina: Nyongeza kidogo kwa wote: katiba iwekeni ya kwanza kwenye ajenda. Sisi tuliiweka mwisho, baada ya ripoti ya fedha watu wakaanza kutoka, akidi ikapotea.
Jibu: Kweli kabisa. Ripoti ya fedha ina uwezo wa kumaliza siku nzima.

Katibu Mpya: Je, rasimu zinazidi kuongezeka mnazitofautishaje? Nina tatu zinaitwa "rasimu ya mwisho".
Jibu: Weka tarehe kwenye jina la faili na chini ya kila ukurasa, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuhariri. Wengine watume maoni kwa kutaja namba ya kifungu. Ukibadilisha namba katikati, pitia tena kila penye maneno "kwa mujibu wa kifungu cha…", maana hapo ndipo rufaa hujikuta zinaelekezwa kwenye kifungu cha rangi za jezi.