Jinsi ya kupima kaboni dioksidi iliyonaswa na amini

Tunatafuta uwiano mmoja tu: moli za gesi kwa kila moli ya amini, yaani kiwanja cha nitrojeni chenye tabia ya besi kinachonasa gesi hiyo. Nitatumia monoethanolamini (MEA) ya asilimia 30 kwa uzito katika maji, ila njia hii inafaa amini nyingine nyingi. Gesi na amini zipimwe katika sampuli ileile. Gesi ikipita kwenye myeyusho wa moto hubeba maji, kwa hiyo ile asilimia 30 ya asubuhi si ya kutegemea jioni.

1. Shibisha amini. Weka chupa kwenye maji ya 40 °C. Gesi ipite kwanza kwenye maji yenye joto hilohilo ipate unyevu, ndipo iingie kwenye amini. Vaa glavu na miwani. MEA huunguza ngozi na macho.

2. Unganisha kifaa. Chupa ya koni yenye kikorogeo, bureti ya asidi juu yake, na mpira unaopeleka gesi kwenye bomba la vipimo lililojaa kimiminika. Maji matupu hayafai, yanayeyusha kaboni dioksidi. Tumia maji yaliyoshiba chumvi, yenye asidi kidogo.

3. Jaribu kifaa. Gramu 0.53 za sodiamu kaboneti kavu zikitiwa asidi hutoa milimoli 5 za kaboni dioksidi, yaani mililita 126 hivi kwa 25 °C na kPa 101.3, ukishatoa ujazo wa asidi. Ukipata pungufu, paka povu la sabuni kwenye vizibo uone panapovuja.

4. Pima. Tia mililita 2 za sampuli na matone mawili ya methili oranji, kisha ziba. Dondosha asidi hidrokloriki ya 1 M (moli moja kwa lita) polepole. Mwanzoni mapovu ni machache, kwa sababu asidi inashughulika na amini iliyo huru, baadaye yanafoka. Rangi ikigeuka kutoka njano kuwa nyekundu, andika ujazo: hiyo ndiyo amini yako. Ongeza mililita chache za asidi, koroga mpaka kimiminika kitulie.

Hapa usikimbilie kusoma. Asidi na amini zikikutana hutoa joto, na gesi yenye joto hutanuka ikakupa jibu kubwa kuliko haki yake. Subiri chupa irudi kwenye joto la chumba, sawazisha vimo vya kimiminika pande zote mbili, ndipo usome.

5. Piga hesabu. Tuseme rangi iligeuka kwenye mililita 10, asidi yote ni 13, na bomba linasoma 127. Gesi ni 127 − 13 = 114. Kanieneo ya hewa, kPa 101.3, ipunguze 3.2 za mvuke wa maji kwa 25 °C. Kwa kanuni ya gesi, PV = nRT, unapata milimoli 4.5. Gawanya kwa milimoli 10 za amini: 0.45.

MEA ikifunga gesi kama kabameti (kiwanja cha amini iliyoungana na kaboni dioksidi), molekuli mbili za amini hushika moja ya kaboni dioksidi, ndiyo maana majibu mengi hukaribia 0.5. Ukishibisha kwa gesi safi, 0.55 isikushtue: ziada hiyo imo kama bikaboneti.