Jinsi ya kumfikia wakili kupitia ushirika wa wanasheria Wakristo

Katika ushirika wetu wa wanasheria Wakristo mimi hukaa meza ya kwanza. Si wakili. Napokea watu siku za ushauri wa bure, nawasikiliza, nasoma karatasi zao, kisha naamua nani aonane na wakili yupi. Wengi huondoka bila msaada ambao ulikuwepo kabisa, kwa sababu muda wote wa wakili uliishia kutafuta tarehe ndani ya mfuko wa makaratasi. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Ushirika kwanza ni watu: mawakili, mahakimu, walimu na wanafunzi wa sheria wanaokutana kuomba, kusoma Neno na kutiana moyo kazini. Si jambo la juzi. Ule wa Uingereza ulianza mwaka 1852, na Christian Legal Society ya Marekani mwaka 1961. Kenya na Uganda zina vyama vyao. Lakini ushirika kwa kawaida si ofisi ya uwakili, na hauna mawakili wa mshahara wanaongoja kesi. Ndiyo maana ukipiga simu na kuuliza, "Mnaweza kunisimamia kesi?" mara nyingi utaambiwa hapana, nalo ni jibu la kweli. Uliza hivi: "Mna siku ya ushauri wa bure? Kama hamna, nani kati ya wanachama wenu anashughulikia mirathi na hupokea wasio na uwezo?" Swali hilo lina jibu.

Kuupata si kazi kubwa. Anza ofisini kwa mchungaji, kwa kuwa makanisa mengi yana wakili miongoni mwa washirika wake na huyo atawajua wenzake. Chama cha mawakili cha nchi yako kitakuelekeza, na vyuo vinavyofundisha sheria pia. Usijifanye wa dhehebu fulani ili usaidiwe. Sisi hatuulizi mtu anasali wapi, na vituo vingi ninavyovifahamu ni hivyo hivyo.

Kuna jambo moja ambalo halianzii kwetu. Ndugu yako akikamatwa na kufunguliwa kesi ya jinai, anayedaiwa wakili kwanza ni serikali. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 14, unasema mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo. Kenya ilitunga sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Mshtakiwa aseme mbele ya hakimu, siku ya kwanza kabisa, kwamba hana uwezo wa kuweka wakili na anaomba apewe, na aombe ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za shauri. Sisi tunaweza kufuatilia nyuma yake, lakini neno hilo alitamke yeye mwenyewe.

Sasa karatasi. Ukipokea samansi, yaani wito wa mahakama, usiandike chochote juu yake. Chukua karatasi nyingine uandike siku uliyoipokea, saa, na nani alikukabidhi. Kama ilikuja ndani ya bahasha, itunze bahasha hiyo, maana muhuri wake unaweza kuthibitisha ilikufikia lini. Kisha itafute sehemu inayosema unatakiwa ujibu ndani ya siku ngapi. Siku hizo zinahesabika hata kama huna wakili, hata kama unaumwa. Zikipita bila majibu yako, mahakama inaweza kuamua kwa kusikiliza upande mmoja tu, na kuubatilisha uamuzi wa namna hiyo kunagharimu kuliko kujibu tangu mwanzo. Basi unapopiga simu, anza na tarehe: "Nina karatasi ya mahakama, mwisho wa kujibu ni Alhamisi ijayo." Mtu wa namna hiyo namtoa nyuma ya foleni namleta mbele, na hakuna anayelalamika.

Baada ya hapo andika historia ya jambo lako kwenye ukurasa mmoja. Mmoja tu. Tuseme mgogoro ni wa nyumba aliyoiacha marehemu mume wako. Ukurasa wako ungekuwa hivi:

Machi 2019: mume wangu alifariki. Cheti cha kifo ninacho.
Juni 2019: kikao cha familia. Muhtasari ninao, ni nakala.
Januari 2021: shemeji alianza kupokea kodi ya nyumba. Sina karatasi, ila mpangaji mmoja anajua.
Februari 2024: nilipewa barua ya kuhama. Ninayo.
Ninachotaka: nibaki kwenye nyumba, na kodi igawanywe kwa watoto.

Tazama mstari wa tatu. Wengi wangeuruka kwa kuona hauna ushahidi. Wakili anapousoma anajua papo hapo ni shahidi gani wa kutafutwa. Mstari wa mwisho nao usiuache. Nimeona wakili akimaliza nusu saa na mtu anayejua vizuri sana alivyotendewa, lakini hajawahi kukaa akajiuliza anataka nini. Karatasi zenyewe zipange kwa kufuata mistari hiyo, ya zamani juu, mpya chini.

Mambo yanayokuumiza nayo yaandike. Kama uliwahi kusaini karatasi yoyote ya shemeji, sema. Wakili akilisikia kwako analitafutia njia. Akilisikia mahakamani kutoka kwa wakili wa upande wa pili, ameshachelewa.

Ukifika, kabla hujasimulia chochote nitakuuliza jina la unayegombana naye. Usione nakukatiza. Huenda mtu huyo alishapata ushauri kwa mmoja wa mawakili wetu, na wakili hawezi kukaa pande mbili. Na unapoingia chumbani, ingia peke yako, mpaka wakili mwenyewe aseme mwingine anaweza kukaa. Mchungaji aliyekusindikiza, dada yako, mzee wa kanisa, wote wangoje nje. Mazungumzo yako na wakili yana kinga ya siri, na katika nchi nyingi mtu wa tatu akiwepo kinga hiyo inaweza kulegea.

Fedha zizungumzwe siku hiyo hiyo ya kwanza. Kwetu neno "bure" lina maana ya ada ya wakili peke yake. Bado kuna ada za mahakama, nakala, viapo, nauli ya mashahidi, pengine na mpima ardhi. Uliza kila kimoja ni cha nani. Nchi nyingi zina utaratibu wa asiye na uwezo kuomba asamehewe ada za mahakama, lakini ni lazima uombe. Karani hatakuja kukutafuta akuambie. Kama wakili atakupunguzia badala ya kukusamehe, muombe muandikiane: kiasi gani, kwa awamu zipi, kwa kazi ipi. Na kila unacholipa kiwe na risiti.

Njia ambayo watu hawaijui, nami naisisitiza kwa kila mtu, ni kuomba sehemu ya kazi badala ya kesi nzima. "Naomba unisomee madai haya na uniandikie majibu, mahakamani nitasimama mwenyewe." Wakili mwenye kesi nyingi atakataa kubeba shauri la miaka mitatu, ila saa mbili za kuandika anaweza kuzitoa. Vivyo hivyo kukupitia mkataba kabla hujasaini, au kukuandaa kwa maswali utakayoulizwa kizimbani. Kama kanuni za nchi yako zinaruhusu kazi ya namna hiyo, ni msaada mkubwa sana.

Leseni ihakikishwe, hata kama mtu umemjulia kwenye maombi. Mahakama au chama cha mawakili kina orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi mwaka huo, nawe una haki ya kuuliza. Vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, wapo, na wengine hutumia lugha ya kanisa kujipatia imani ya watu. Mwanafunzi wa sheria na msaidizi wa kisheria wanaweza kukufaa sana kwenye barua na maelekezo, ilimradi ujue unayeongea naye ni nani.

Kuhusu usuluhishi. Sisi tunaupenda, kwa sababu ya Mathayo 18 na Wakorintho wa Kwanza 6, na kwa ndugu, majirani au washirika wa biashara nimeuona ukimaliza ugomvi ambao hukumu ingeuchochea. Ila muda wa kufungua shauri kisheria unaweza kuendelea kuhesabika mkiwa bado mezani, kwa hiyo muulize wakili tarehe ya mwisho kabla hamjaanza vikao. Na palipo na kipigo, vitisho, au mtoto aliyedhulumiwa, mahali pa kwanza ni hospitali na polisi. Asikuambie mtu yeyote, awe na cheo gani kanisani, kwamba ukapatane kwanza na aliyekuumiza. Ukiambiwa hivyo kwetu, njoo mezani uniambie.

Mawakili hawa nao wana mahitaji. Katika Tito 3 Paulo anaagiza Zena mwanasheria asafirishwe asipungukiwe na kitu, na mimi huikumbuka aya hiyo ninapomwona wakili wa kujitolea akilipia nakala za mtu mwingine kutoka mfukoni mwake. Ukiweza, njoo na nakala zako tayari.

Kabla hujatoka, pata majibu matatu kwa maandishi: nani anafanya nini, kabla ya tarehe gani, na nitampata kwa njia gani. Nakala halisi ziondoke na wewe. Kama ni lazima zibaki, ziorodheshwe na aliyezipokea asaini. Tarehe ile ikipita kimya, mtumie ujumbe mfupi wenye namba ya shauri na tarehe ya kesi inayofuata. Akinyamaza tena, rudi mezani mapema. Wiki mbili kabla ya kesi naweza kumpa wakili mwingine jalada lako akalisoma. Asubuhi ya kesi kinachobaki ni kuomba ahirisho, na hakimu halazimiki kulitoa.