Kuvuta Protini Yenye Fundo kwa GROMACS: Hatua kwa Hatua

Nimeandika mwongozo huu wa GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili wa hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye grafu yake ilionyesha fundo likifunguka na kujifunga tena katikati ya mnyororo ulioshikwa ncha zote mbili, jambo lisilowezekana.

Hatua ya 1. Pakua muundo wa YibK, protini yenye fundo (namba yake 1J85), kutoka PDB, hifadhidata ya miundo ya protini. Hakikisha hakuna asidi amino iliyokosekana, kwa maana pengo likiunganishwa kwa mstari mnyoofu huweza kuzusha fundo la uongo au kulifuta la kweli.

Hatua ya 2. Tengeneza modeli ya Cα, yaani kila asidi amino iwe tufe moja, kwa programu ya SMOG. Kompyuta ya kawaida yatosha. Hifadhi hali ya kazi mara kwa mara, maana stima hukatika bila taarifa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Mnyororo wa asidi amino takriban 160, kila moja ikiongeza nanomita 0.38, hunyooka hadi nanomita 60 hivi. Ukipima mvuto kwa umbali kati ya ncha, GROMACS haikubali umbali huo ufikie nusu ya kisanduku, yaani nafasi ya uigaji ambamo kinachotoka upande mmoja huingia upande wa pili. Kwa hiyo mimi huweka nanomita 130 upande wa mvuto, na kwa kuwa modeli haina maji, ukubwa huo haugharimu kitu. Kisanduku kikiwa kidogo, mnyororo hutokea upande wa pili, faili huuonyesha umekatika, na programu ya kutambua mafundo husoma vipande hivyo kama njia mpya. Hilo ndilo lililokuwa kwenye grafu ile. Pitisha faili kwenye trjconv, zana ya GROMACS ya kurekebisha faili za mwendo, kwa chaguo la nojump linalozuia atomu kuruka upande wa pili, ukianza na muundo mzima. Usipofanya hivyo, usiamini tokeo lolote.

Hatua ya 4. Vuta polepole kadiri muda unavyoruhusu.

Hatua ya 5. Tambua fundo kwa Topoly, programu ya kutambua mafundo, kwa polinomia ya Alexander, fomula ya hisabati inayotofautisha mafundo. Kulikagua kwa macho kwenye VMD, programu ya kutazama molekuli, ni kujidanganya. Tarajia fundo liruke kutoka kona moja ya mnyororo hadi nyingine huku likikazika, na urefu wa mwisho upungue: fundo la umbo la nane la fitokromu (protini inayohisi mwanga), lililovutwa kwa hadubini ya nguvu za atomu mwaka 2009, lilikazika hadi asidi amino 17 hivi.

Ukitaka kulifungua, usivute ncha. Kwa UCH-L1, protini nyingine yenye fundo, majaribio ya vibanio vya mwanga (miale ya leza inayoshika molekuli) yalionyesha kwamba mahali pa kushikia ndipo panapoamua kama mnyororo utabaki na fundo la 5₂ (lenye makutano matano), fundo la 3₁ (lenye makutano matatu), au bila fundo.