Kurudia Foundation ya Asimov: anzia wapi, pumzika wapi

Kama ulisoma zamani mfululizo huu wa riwaya za kubuni za kisayansi na umesahau nusu, usianze na Prelude to Foundation. Ni kweli kisa chake kinatangulia, Hari Seldon, mwanahisabati anayetabiri mustakabali wa umati wa watu, bado kijana, lakini kilichapishwa 1988 kwa msomaji ambaye tayari anajua mambo yanakoelekea.

Hatua ya 1. Soma vitatu vya mwanzo: Foundation (1951), Foundation and Empire (1952), Second Foundation (1953). Sehemu kubwa yake ni hadithi zilizotoka jaridani kuanzia 1942, kwa hiyo soma moja kwa kikao. Ukizibugia zote kwa mkupuo, watu wanaojadiliana vyumbani huku vita vikipiganwa nje ya ukurasa watakuchosha.

Hatua ya 2. Ukifika kwa Nyumbu (the Mule), yule mtekaji wa sayari katika Foundation and Empire, punguza mwendo. Picha ya Seldon, aliyoirekodi kabla ya kufa, inajitokeza kama kawaida na kueleza, kwa utulivu kabisa, vita vya ndani ambavyo havikutokea. Watu wanatazamana. Kisha mtu anagundua kwamba hakuna saa hata moja chumbani inayotembea. (Hujawahi kusoma? Ruka sentensi inayofuata.) Safari hii mfuatilie yule mchekeshaji mwoga, uone kila anapofika ni nini huanguka.

Hatua ya 3. Pumzika. Kitabu cha nne, Foundation's Edge, kilikuja 1982, na sauti imebadilika: ni riwaya ndefu moja.

Hatua ya 4. Foundation and Earth (1986), kisha ndipo Prelude na Forward the Foundation. Hicho cha mwisho kilitoka 1993, Asimov ameshafariki.

MASWALI

Seldon alikosaje kumwona Nyumbu?
Hesabu zake ni za umati. Kwenye gesi hujui chembe moja itakwenda wapi, ila gesi nzima unaikadiria. Nyumbu ni chembe moja, tena yenye uwezo wa kugeuza hisia za wengine.

Lazima nisome vitabu vya Asimov vya maroboti kwanza?
Kwa vitatu vya mwanzo, hapana. Kabla ya Foundation and Earth, soma walau The Caves of Steel, la sivyo mwisho wake hautakugusa.

Nimekwama kwenye Foundation and Earth. Sayari, sayari, sayari!
Hata mimi nilipekua kurasa kadhaa haraka haraka. Ila Solaria usiiruke: yule mtoto wanayeondoka naye utamhitaji kwenye ukurasa wa mwisho.