Kuingiza Akili Mnemba Katika Utengenezaji wa Programu: Mkuu wa Teknolojia Aanzie Wapi

Tangu GitHub Copilot, zana ya akili mnemba inayomsaidia msanidi wa programu kuandika msimbo (maagizo yanayounda programu), ilipofunguliwa kwa umma mwezi Juni 2022, wakuu wengi wa teknolojia wameanza kwa kununua leseni, kisha wakasubiri kasi ipande. Nashauri mwanzo mwingine. Kabla ya kununua chochote, chukua kazi kumi zilizokamilika hivi karibuni, uifuatilie kila moja tangu ilipoombwa hadi ilipomfikia mtumiaji, na uandike ilikaa siku ngapi katika kila hatua. Katika taasisi kubwa, mara nyingi utakuta kwamba kuandika msimbo kulichukua sehemu ndogo tu, na kwamba siku nyingi zilipita kazi ikisubiri mahitaji yafafanuliwe, mhakiki apate nafasi, au kitengo cha usalama kitoe idhini. Akili mnemba ikiharakisha uandishi peke yake itarefusha foleni ya wahakiki, nao wakielemewa wataanza kupitisha msimbo ambao hawajausoma.

Vipimo vyako visitegemee hisia za watumiaji. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR liliwapima wasanidi 16 wazoefu waliokuwa wakishughulikia miradi waliyoifahamu vizuri: waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini kwamba walikuwa wameharakisha kwa asilimia 20. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na zana zimebadilika tangu wakati huo, kwa hiyo sidai kwamba unathibitisha zana hizi hazifai. Unachoonyesha ni kwamba makadirio ya mtumiaji hayatoshi kuwa kipimo. Rekodi, kwa miezi mitatu kabla ya kuanza, muda unaopita tangu msimbo unapowasilishwa hadi unapoanza kutumika, idadi ya matoleo, asilimia ya mabadiliko yanayoleta hitilafu, na muda wa kurejesha huduma.

Suala la data lisichelewe. Mwaka 2023 Samsung ilizuia zana za aina hii baada ya wafanyakazi kubandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT. Marufuku peke yake, hata hivyo, huwasukuma watu kutumia akaunti zao binafsi mahali usipoweza kuona chochote. Ni heri uwape mapema zana iliyoidhinishwa, yenye mkataba unaotaja waziwazi kwamba msimbo wenu hautatumika kufunza modeli, utahifadhiwa kwa muda gani na wapi. Wakati huohuo, ondoa nywila, funguo za siri na data za wateja kwenye hazina ya msimbo, kwa kuwa zana husoma kile inachokikuta.

Baada ya hapo chagua timu moja au mbili ambazo tayari zina majaribio mazuri ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazokagua kama msimbo unatoa jibu linalotarajiwa. Waanze na kazi ambazo kosa lake huonekana upesi: kuelezea msimbo wa zamani, kuhamisha maktaba za msimbo kwenda toleo jipya, kuandika nyaraka. Usimbaji fiche na uidhinishaji wa malipo visubiri.

Hapa kwenye majaribio ndipo ninapoomba umakini mkubwa zaidi. Tuseme msanidi anaiagiza zana iandike kikokotoo cha riba ya mkopo, pamoja na majaribio yake. Zana inagawanya riba ya mwaka kwa siku 365, na majaribio iliyoyaandika nayo yanatarajia jibu hilohilo. Kila kitu kinapita. Lakini mkataba wa bidhaa unasema mwaka uhesabiwe kuwa siku 360. Kwa mkopo wa 1,000,000 wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba ya siku 30 inapaswa kuwa 10,000, ila mfumo unatoza 9,863. Hakuna jaribio litakalokamata kosa hilo, kwa sababu msimbo na jaribio vimetoka kwenye dhana moja. Weka basi kanuni kwamba majibu yanayotarajiwa katika hesabu za biashara yaandikwe na mtu, kutoka kwenye waraka wa mahitaji, kabla zana haijagusa msimbo.

Zana hizi pia hubuni majina ya vifurushi (msimbo ulioandikwa na wengine, unaopakuliwa na kutumiwa ndani ya programu) visivyokuwapo, na mhalifu anaweza kusajili jina kama hilo na kuweka humo programu hasidi. Ruhusu vifurushi vipakuliwe kutoka hazina ya ndani iliyokaguliwa tu.

Kuhusu watu, anayewasilisha msimbo abebe dhamana yake yote, hata kama hakuandika mstari wowote kwa mkono, na aweze kuueleza mbele ya mhakiki. Wahakiki nao watengewe saa za kazi hiyo katika mpango wa wiki, na mabadiliko makubwa yagawanywe vipande vinavyosomeka kwa kikao kimoja. Wasanidi wachanga wapewe mara kwa mara kazi za kufanya bila zana, maana ndio mtakaowategemea kuhakiki miaka ijayo.

Baada ya miezi mitatu ya matumizi, linganisha takwimu na zile za awali. Hitilafu zikiwa zimeongezeka, imarisha majaribio na uhakiki kwanza, na leseni za timu ya tatu zingoje.