Kuku wa kuchambua wa Kimeksiko, kwa jiko la makaa

Watu wa Puebla, Meksiko, humwita tinga: kuku aliyechambuliwa nyuzinyuzi, akaiva katika rojo la nyanya na chipotle, yaani pilipili ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Hapa Kisumu sijawahi kuiona chipotle sokoni Kibuye, kwa hivyo moshi najitengenezea.

Chemsha kidari na mapaja, kama kilo moja, kwa chumvi, nusu kitunguu na punje mbili za saumu. Kuku wa gredi, dakika 35 zamtosha. Wa kienyeji mpe saa moja na nusu. Supu usimwage.

Sasa nyanya. Chukua nne zilizoiva, uziweke juu ya wavu wa jiko pamoja na pilipili mbili na pete nene za kitunguu. Geuza hadi ganda liwe jeusi na kupasuka, maji yadondokee makaa yachachatike. Mara ya kwanza nilimenya weusi wote, ladha nayo ikaenda! Siku hizi naacha nusu. Twanga pamoja na kijiko cha jira.

Chambua kuku angali na joto, kwa uma mbili; akipoa kabisa anakuwa mgumu kuchambuka. Kaanga kitunguu kingine, mimina rojo, likaange mpaka mafuta yaelee, ndipo utie kuku na kikombe cha supu. Dakika 15. Kamulia ndimu.

Mimi humkunja ndani ya chapati. Mama mkwe alichukua ugali, akaomba tena.