Jinsi ya kuandika insha ya Tom Robinson na Boo Radley bila kuishia kwenye "ubaguzi ni mbaya"

Kama umepewa swali la watu wasio na hatia wanaohukumiwa kwa chuki kwenye To Kill a Mockingbird, ile riwaya ya Harper Lee ya 1960, tafadhali usianze na "ubaguzi ni kitu kibaya katika jamii", kila mtu anaanza hivyo na mwalimu keshachoka. Anza na mkono wa Tom Robinson, yule mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa kizungu.

Yani fungua sura ya 17 mpaka ya 19, chukua karatasi, andika kila shahidi kasema nini. Sherifu Heck Tate anasema Mayella aliumia upande wa kulia wa uso, shingoni alama za vidole zimezunguka kote, na daktari hakuitwa. Baba yake, Bob Ewell, anaambiwa aandike jina lake palepale mahakamani, anaandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao ukimpiga mtu mnayetazamana naye unampata upande wa kulia wa uso. Halafu Tom anasimama na watu wote wanaona mkono wake wa kushoto umelemaa, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mtoto, hata kwenye Biblia wakati wa kuapa unateleza unaanguka. Sasa huyu alimkabaje mtu kwa mikono miwili? Ukipanga hivyo vitu kwa mfuatano huna haja ya kumwambia msomaji kwamba Tom hana hatia, ameshaona mwenyewe.

Ila juri, wale raia wanaoamua kesi, nao waliona, wazungu watupu, mkono uleule, na wakamtia hatiani. Hapo ndipo insha yako inapoanza kuwa na nguvu, kwa hiyo usipite haraka. Nenda pale Tom anaposema alimsaidia Mayella kazi kwa sababu alimuonea huruma, na Gilmer, mwendesha mashtaka, anavyolidaka hilo neno. Kwa Alabama ya miaka ya 1930 mtu mweusi kumuonea huruma mzungu ilikuwa kama amejiweka juu yake, na mimi naamini kabisa kwamba mbele ya wale wanaume kosa lake lilikuwa hilo. Andika aya nzima hapo, hata mbili.

Boo Radley, jirani anayejifungia ndani kwao, ni habari nyingine, yeye alihukumiwa na umbea tu. Gawa ukurasa katikati, upande mmoja wanayosema watu: anakula paka na kindi wabichi, kokwa za miti ya kwao Boo zikidondokea uwanja wa shule watoto hawagusi maana zitawaua. Upande wa pili aliyoyafanya: zawadi kwenye tundu la mti kwa Scout na kaka yake Jem, watoto wa jirani, suruali ya Jem iliyoshonwa, blanketi alilofunikwa Scout usiku wa moto, na mwisho anawaokoa hao watoto Ewell anapowavamia, na Ewell anakufa.

Sasa wengi wanasema Tom na Boo wote ni wale ndege wa kwenye jina la kitabu, mockingbird, ndege asiyemdhuru mtu, basi wanamaliza. Ni kweli, lakini angalia mwisho wao. Boo ni mzungu, sherifu anasema Ewell kaangukia kisu chake mwenyewe, mambo yanaishia kwenye baraza la nyumba na Boo anarudi kwao. Tom anakufa na matundu 17 ya risasi akijaribu kutoroka gerezani. Ukiandika kwamba yaliwapata yaleyale utakuwa umefuta kitu kikubwa kuliko vyote kwenye hicho kitabu.

Ukitaka historia, itaje kesi ya Scottsboro kwa sentensi mbili tatu: mwaka 1931 hukohuko Alabama vijana 9 weusi walisingiziwa kuwabaka wanawake wawili wazungu kwenye treni ya mizigo, 1933 mmoja wa hao wanawake, Ruby Bates, akakana mahakamani, na bado juri ikamtia hatiani kijana aliyekuwa kizimbani. Usiseme riwaya inasimulia kesi hiyo, maana haiisimulii, sema kesi hiyo inaonyesha kwamba kilichompata Tom kilikuwa kinatokea kweli.

Na kitu kimoja naomba sana. Tom tunamjua kupitia macho ya Scout, mtoto wa kizungu, na wanafunzi wengi wanajaza insha maneno mazuri ya Atticus, baba yake Scout na wakili wa Tom, mpaka mtuhumiwa mwenyewe hasikiki. Tom anaongea sehemu chache, nyingi ziko sura ya 19. Mnukuu yeye kwanza, Atticus afuate.